Saratani ya Tezi za Mate: Kipimo Kitangulie Dawa

Uvimbe unaotokea mbele ya sikio au chini ya taya mara nyingi hudhaniwa kuwa matubwitubwi au jino bovu. Matubwitubwi hupungua katika wiki moja au mbili. Uvimbe mgumu unaoendelea kukua, hasa ukiambatana na kupooza kwa upande mmoja wa uso, huenda ukawa saratani ya tezi ya mate.

Saratani hii ni nadra na ina aina nyingi. Ile inayoanzia katika mirija ya mate hukua kwa kasi, na huwapata zaidi wanaume wenye umri mkubwa. Kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo, seli za uvimbe zina vipokezi vya androjeni, yaani homoni za kiume, kama zilivyo seli za saratani ya tezi dume. Ndipo likazuka swali: je, dawa za kuzuia homoni hizo zaweza kuudhibiti ugonjwa huu pia?

Watafiti wa Japani waliwapa wagonjwa 36, ambao saratani yao ilikuwa imerudi, imesambaa au haiwezi kuondolewa kwa upasuaji, sindano za leuprorelini pamoja na vidonge vya bikalutamidi. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa wagonjwa 15. Hilo ni tumaini, si uponyaji. Tena jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha. Watafiti wa Ulaya nao walianzisha jingine, wagonjwa wakigawanywa kwa kura kati ya dawa za kuzuia homoni hizo na kemotherapia.

Ugonjwa usiposambaa, tiba ya kwanza hubaki upasuaji, mara nyingi ukifuatiwa na mionzi. Mhudumu wa Bagamoyo anayemwona mgonjwa wa namna hii ampe rufaa mapema kwenda Muhimbili au Ocean Road. Kinyama kikichukuliwa, kiwekwe mara moja katika fomalini ya asilimia 10, na kipimo cha vipokezi kiombwe kwa maandishi.

Nawe mgonjwa, usitumie dawa za jirani mwenye saratani ya tezi dume. Pasipo vipokezi, dawa haina pa kushika. Utabaki na madhara yake, yaani joto la ghafla mwilini, kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa na mifupa kudhoofika, huku saratani ikiendelea kukua.