Mada: Nishati ya Umeme – Kukadiria Betri na Paneli ya Sola

Wati hupima nguvu, yaani kasi ya kutumia nishati. Wati-saa (Wh) hupima nishati yenyewe iliyotumika. Mtahiniwa anayechanganya vizio hivi viwili hupotea tangu mstari wa kwanza wa swali la sola, hata kama hesabu anaijua.

Mfano

Mfanyabiashara ana Hiace anayoizungusha kwenye masoko ya Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, kisha Nkwenda na Murongo wilayani Kyerwa. Ndani ya gari anachaji simu za wateja na kuwawekea nyimbo kwenye memori kadi, na usiku hulala humo humo. Kila siku anachaji simu 20 (kila moja wati 5 kwa saa 2), anatumia kompyuta ya wati 45 kwa saa 4, spika ya wati 30 kwa saa 5, na taa 2 za LED za wati 5 kila moja kwa saa 5. Kompyuta inatumia inveta yenye ufanisi wa 90%. Tafuta ukubwa wa betri ya volti 12 na wa paneli.

Nishati ya siku

Nishati = nguvu × muda
Simu: 20 × 5 × 2 = 200 Wh
Kompyuta: 45 × 4 ÷ 0.9 = 200 Wh
Spika: 30 × 5 = 150 Wh
Taa: 2 × 5 × 5 = 50 Wh
Jumla = 600 Wh

Kwenye kompyuta tumegawanya kwa 0.9, hatukuzidisha. Inveta hupoteza sehemu ya nishati kama joto, kwa hiyo betri lazima itoe zaidi ya kile kompyuta inachopokea.

Betri

600 ÷ 12 = 50 Ah. Usiishie hapo. Betri ya risasi na asidi ikitumiwa mara kwa mara kupita nusu huchoka mapema, hivyo kwa siku moja inahitajika 100 Ah. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wingu huweza kutanda mchana kutwa. Tukipanga akiba ya siku 2, jibu ni 200 Ah. Betri ya lithiamu inayoruhusu kutumia 80% ingetosha ikiwa na 50 × 2 ÷ 0.8 = 125 Ah.

Paneli

Hapa ndipo penye mtego. Karagwe iko karibu na ikweta na mchana wake ni kama saa 12 mwaka mzima, basi wapo wanaoandika 600 ÷ 12 = wati 50. Lakini paneli hutoa wati zilizoandikwa nyuma yake pale tu mwanga unapofikia wati 1000 kwa kila mita ya mraba. Asubuhi, jioni na penye wingu hutoa kidogo. Tuchukue saa 4 za jua kamili, na ufanisi wa mfumo wa 75%:

600 ÷ (4 × 0.75) = wati 200

Paneli ya wati 50 ingeingiza 50 × 4 × 0.75 = 150 Wh tu kwa siku, robo ya mahitaji. Betri ikikaa bila kujaa, salfeti ya risasi hugandamana kwenye bamba zake na betri hufa. Mwenye gari atamlaumu aliyemuuzia betri, kumbe kosa ni la hesabu. (Fundi aliyefunzwa hakosei hapa, shirika la KARADEA la Karagwe lilikuwa likifundisha mafundi wa sola tangu miaka ya 1990.)

Kulaza paneli juu ya paa si tatizo, kwa kuwa karibu na ikweta jua la mchana hupita karibu na utosi. Vumbi la kiangazi ndilo la kufuta.

Waya

Vyombo vyote vikiwashwa pamoja: 100 + 50 + 30 + 10 = wati 190. Mkondo = 190 ÷ 12 = ampea 15.8, kwa hiyo fyuzi ya ampea 20 inafaa. Waya wenye ukinzani wa omu 0.05 utapoteza volti 15.8 × 0.05 = 0.79. Kwenye volti 230 hasara hiyo isingeonekana. Kwenye volti 12 ni zaidi ya 6%. Tumia waya mnene na mfupi.

Zoezi

Mfanyabiashara huyo anaongeza mashine ya kunyolea ya wati 12, saa 5 kwa siku, bila inveta. Kokotoa upya betri ya risasi na asidi kwa akiba ya siku 2, pamoja na paneli. (Jibu: 220 Ah, wati 220.)