Tundu la Mshazari: Kabla ya Kukaza Skrubu
Anayejifunza useremala Buhemba aweza kuunga stuli bila kuchonga ulimi, akitumia kiongozi cha keekee. Kifaa hiki huelekeza keekee kwa mshazari wa nyuzi 15 hivi, na skrubu ikafichika upande wa ndani. Ubao wa milimita 19 huhitaji skrubu ya milimita 32. Iliyozidi hapo huweza kutokeza nje. Kwa msonobari tunashauri skrubu yenye hesi pana. Kwa mninga, hesi za karibu karibu.

Lakini kifaa, hata kiwe cha bei kubwa, hakikaushi mbao. Mbao mbichi husinyaa, kiungio hulegea, na mtoto aliyeketi huanguka. Mnunuzi na aulize mbao zilianikwa muda gani, kisha adai risiti.