Ubabe na Uvamizi

Swali: Je, siasa ya nje ya Idi Amin tuiite "ubabe" au "uvamizi"? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Ndugu msomaji, yote mawili yafaa, ila kila moja lina wakati wake. Ubabe ni tabia ya dola kuwatisha majirani hata kabla haijafyatua risasi, na ndio uliodhihiri Februari 1976, Amin alipodai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa milki ya Uganda, kisha, Wakenya walipoghadhibika, akalegeza kauli. Lakini majeshi yake yalipovuka mpaka wa Tanzania Oktoba 1978, naye akatangaza kuitwaa ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, huo ulikuwa uvamizi dhahiri. Kuuita ubabe tu ni kuupunguzia dhambi.