Kilichowaua wapagazi wa vita vya 1914

Waingereza walipopigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania, waliandikisha wapagazi karibu milioni moja kubeba chakula, risasi na majeruhi. Kwa hesabu rasmi, wapagazi wapatao 95,000 hawakurudi, na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa ni pungufu. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, katika njia zilizoteremka kutoka Moshi kupitia Handeni na Morogoro hadi Rufiji. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao. Shuleni tulikaririshwa majina ya majenerali, Smuts upande huu na von Lettow-Vorbeck upande ule. Wapagazi hatukufundishwa habari zao, nao ndio waliovibeba vita vyenyewe mabegani.

Maelezo ya haraka ni kwamba nchi ilikuwa na maradhi mengi. Hayatoshi. Watu wa Rufiji waliishi Rufiji vizazi na vizazi, wakalima, wakazaa, wakazeeka. Tuanze basi na jambo la msingi kabisa: kijidudu cha maradhi hakiwezi kujisafirisha chenyewe. Ili ugonjwa uenee inatakiwa pawe na mtu anayekitoa kijidudu, pawe na njia ya kukipitisha, na pawe na mtu mwingine ambaye mwili wake hauna kinga dhidi yake. Kambi ya jeshi huyakutanisha yote matatu kwa pamoja.

Chukua bakteria wa kuhara damu, shigela. Gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa inaweza kuwa na mamilioni yao, na bakteria kumi hadi mia moja wanatosha kumwangusha mtu mzima. Kipindupindu kwa kawaida huhitaji vijidudu wengi zaidi, kwa kuwa asidi ya tumbo huwaua wengi njiani. Shigela huivumilia asidi hiyo. Kwa kuwa wachache tu wanatosha, kuchemsha maji ya kunywa peke yake hakuwazuii. Kiasi hicho kidogo kinaweza kukaa chini ya ukucha wa mpishi, kwenye mpini wa upawa, au miguuni mwa nzi aliyetoka chooni akatua juu ya ugali. Katika kijiji ambacho nyumba zimeachana, mgonjwa mmoja huambukiza wachache. Pale watu elfu moja wanapolala ubavu kwa ubavu, wakateka maji kwenye kijito kimoja na kujisaidia vichakani kwa sababu kesho wanahama na choo hakijachimbwa, mgonjwa mmoja anawafikia watu asiowajua hata kwa sura.

Lakini kwa nini wapagazi walikuwa wengi hivyo njiani? Jibu ni mdudu mwingine, mbung'o. Anapomng'ata farasi, nyumbu au ng'ombe humwachia vimelea vya nagana, na mnyama hudhoofika hadi kufa. Wanyama wa mizigo walikufa kwa maelfu. Reli zilikuwa chache, na barabara ziligeuka tope mvua iliponyesha. Kilichobaki ni binadamu.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Mpagazi alibeba kama kilo 25. Mtu anayetembea na mzigo kutwa nzima anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, akila kutoka katika mzigo wake, atakuwa amekula kilo 20 na kufikisha kilo tano. Kambi ya mbele ikisogea hadi mwendo wa siku 13, hafikishi kitu. Mwaka 1916 Smuts alisonga mbele upesi kuliko chakula kilivyoweza kumfuata, na ukali wa hesabu hiyo ukaangukia matumbo ya watu: posho ikapunguzwa kwa askari, na kwa wapagazi hali ikawa mbaya zaidi. Mwili wenye njaa hauna nguvu ya kujenga kinga wala kuuziba utumbo uliochubuka.

Hata posho iliyofika ilikuwa na tatizo lake, na hapa naomba tukae kidogo, maana sufuria ilichangia kuua. Wanga wa mahindi umo ndani ya chembe ndogo ngumu. Kwenye maji baridi hazifunguki. Joto linapofika nyuzi 65 hadi 75 hivi ndipo zinapofyonza maji, zikavimba na kupasuka. Tunaona uji ukianza kuwa mzito, na kuanzia hapo tumbo linaweza kuusaga wanga ule. Unga laini huiva mapema. Unga wa chenga hautaki haraka, kwani joto na maji lazima viingie hadi kiini cha kila chenga, na hilo linahitaji kuni kavu na muda. Mpagazi aliyefika kambini giza likiingia, mvua inanyesha, kuni zimelowa, hakuwa na hata kimojawapo. Wengine walitoka katika nchi za ndizi, mtama au ulezi, na hawakuwa wamezoea kupika wala kula mahindi. Walikula chakula kibichi kwa ndani. Wanga mbichi hupita hadi utumbo mpana, bakteria wa huko huuchachusha, maji huvutwa ndani ya utumbo, na mtu anaharisha.

Kuharisha huko peke yake hakuambukizi. Ila mtu anayeharisha mara kumi usiku hafiki chooni mara zote kumi, na kama tayari ana shigela tumboni, kambi nzima inachafuka kufikia alfajiri. Kosa la jikoni likawa njia ya kijidudu.

Waliokuwa karibu na wapagazi waliliona hili. Oscar Watkins, aliyesimamia idara yao, alililalamikia tena na tena. Kadiri vita vilivyoendelea, chakula kilirekebishwa, wapishi wakapangwa kupikia makundi, na Uganda ikaunda kikosi cha vijana Waafrika waliosoma ili wahudumie wagonjwa. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa. Kwa makumi ya maelfu marekebisho hayo yalichelewa mno.

Malaria ilikuwa na hesabu nyingine. Kinga yake hujengwa polepole kwa kuumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, na haiwi kamili. Mtu mzima wa pwani anaweza kuwa na vimelea katika damu bila kuugua; mtu wa milimani, kulikokuwa na mbu wachache, hana ulinzi huo. Jeshi liliwalaza wawili hawa chini ya mti mmoja, na mbu akawa anachota kwa huyu na kumpelekea yule. Kwinini ilikuwepo, lakini hutoka mwilini haraka. Ukiruka dozi, vimelea vinapata mwanya.

Tofauti ilionekana katika vita vya pili vya dunia. Askari wetu wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipelekwa Burma, na mwaka 1944 divisheni yao ya 11 ilipita bonde la Kabaw, lililojulikana kwa malaria. Wakati huo palikuwa na dawa ya malaria iitwayo mepakrini. Nchini Australia, daktari Neil Hamilton Fairley alikuwa amewapa watu waliojitolea miligramu 100 kila siku, akawaachia mbu wenye vimelea wawaume na kuwafanyisha kazi ngumu, na dawa ikawakinga dhidi ya malaria kali. Mepakrini hukaa mwilini siku nyingi, hivyo dozi moja ikisahaulika mwanya haufunguki papo hapo. Tatizo lilikuwa kwamba wengi hawakuimeza. Iliwageuza ngozi kuwa ya njano, na uvumi ulidai inaua nguvu za kiume.

Jenerali William Slim, kamanda wa jeshi la Waingereza huko Burma, aliyekuta mwaka 1943 kila majeruhi mmoja akiondolewa mstari wa mbele pamoja na wagonjwa 120, aliliondoa suala hilo mikononi mwa madaktari pekee. Aliagiza ukaguzi wa ghafla, kila mtu katika kikosi apimwe kama ameimeza dawa. Kama waliomeza hawakufika asilimia 95, aliyefukuzwa ni kamanda wa kikosi. Aliwafukuza watatu, na wengine wakaelewa. Kufikia 1945, katika jeshi lake zima, waliougua kwa siku walikuwa mmoja katika kila elfu.