Mchina asiye na jina: namna ya kusoma hadithi za jamaa za Wahoa

Wengi wetu tulikutana na Wachina wa Vietnam kwa mara ya kwanza katika masomo ya fasihi ya Kifaransa, tuliposoma L'Amant ya Marguerite Duras, riwaya iliyopata tuzo ya Goncourt mwaka 1984. Kijana tajiri wa Kichina anampenda msichana Mfaransa. Wanakutana katika chumba kimoja huko Cholon, mtaa wa Wachina wa Saigon. Nilipoulizwa kueleza tabia ya kijana huyo, nilijaza kurasa mbili. Mwalimu aliandika pembeni: «Anaitwa nani?» Nilirudia kitabu chote. Hana jina. Swali hilo ndilo lililozaa somo hili.

Mtu wa kweli anayetajwa kuwa nyuma ya mhusika huyo ni Huỳnh Thủy Lê. Nyumba ya jamaa yake ingali imesimama Sa Đéc, katika delta ya Mekong. Tuanze na neno Huỳnh, maana huko jina la ukoo hutangulia.

Jina hili huandikwa kwa herufi moja ya Kichina, yenye maana ya «manjano». Kichina sanifu huisoma Huang, Kikantoni, Wong, watu wa kaskazini mwa Vietnam husema Hoàng. Mbona kusini ni Huỳnh? Sababu ni mwiko. Nguyễn Hoàng alikuwa mwanzilishi wa ukoo wa mabwana waliotawala kusini. Kwa heshima watu waliepuka kutamka jina lake, wakageuza sauti. Basi Mchina aitwaye Huỳnh anabeba mambo mawili katika neno moja: herufi ya wazee wake na mwiko wa nchi iliyowapokea. Lakini tuangalie: Wavietnam wengi nao huitwa Huỳnh. Jina peke yake si ushahidi wa asili.

Ndiyo maana inafaa kusikiliza pia maneno ya nyumbani. Wachina wa Vietnam, waitwao Hoa, hawakuwa na lugha moja. Walijipanga katika makundi matano: Wakantoni, Wateochew, Wahokkien, Wahakka na Wahainan. Kila kundi liliacha alama. Kusini mwa Vietnam baba huweza kuitwa tía, neno la Kiteochew. Kutoka huko pia imekuja hủ tiếu, supu ya tambi. Pesa ambazo watoto hupewa kwa mwaka mpya huitwa lì xì, neno la Kikantoni. Serikali inaweza kubadilisha karatasi za mtu. Namna anavyomwita baba yake haibadiliki kwa amri.

Na karatasi zilibadilishwa kweli. Mwaka 1956 serikali ya Ngô Đình Diệm iliwakataza wageni kazi 11, nyingi zikiwa za biashara, huku Wachina waliozaliwa Vietnam wakihesabiwa raia wa nchi hiyo. Mwaka 1978 serikali mpya ilifuta biashara binafsi, na mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya China na Vietnam. Wahoa wengi sana walikimbia, wengine kwa mashua baharini, wengine kwa kuvuka mpaka wa China.

Hapo swali la mwalimu wangu linakuwa zito. Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuandikwa Huynh huko Ufaransa na Huang huko China. Wajukuu wao wakitafutana kwa jina la karatasi, hawataonana. Lakini wakiuliza ni herufi gani iliyochongwa juu ya kaburi la babu, na nyumbani baba aliitwaje, wana njia ya kurudi.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tukikuta katika kitabu mtu asiye na jina, tusimalize kueleza tabia yake kabla ya kuuliza anaitwa nani, na nani humwita hivyo.