Mwalimu wa Jiografia Aliyefundisha Mbio



Katika somo hili twataka kumtazama mwalimu mmoja ambaye jina lake halitajwi sana huku kwetu Upareni, ingawa kazi yake imeonekana duniani kote. Ni Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, aliyefundisha katika shule ya sekondari ya wavulana ya St. Patrick's, Iten, nchini Kenya. Tumemchagua yeye kwa kuwa maisha yake yanatusaidia kujibu swali ambalo wazazi na walimu huulizana mara kwa mara: kijana mwenye kipawa anahitaji nini hasa, ili kipawa chake kisipotee bure?

Wengi hujibu upesi kwamba anahitaji vifaa, uwanja mzuri na mtaalamu. Na tuone.

1. Alifika bila utaalamu

Bruda Colm alizaliwa mwaka 1948. Alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Aliyekuwa akiwafundisha wavulana mbio ni mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster ambaye mwaka huohuo alipata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal. Bruda akawa msaidizi tu. Foster alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Angeweza kusema, "Hii si kazi yangu." Badala yake alianza kujifunza kwa wanafunzi wake wenyewe. Aliwatazama wakikimbia, akawauliza maswali, akaona lipi lawafaa na lipi lawachosha bure. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tuliwahimiza sana wanachuo wamsome mtoto kabla ya kumsomesha. Bruda Colm alilifanya jambo hilo uwanjani.

2. Mlima peke yake hautoshi

Iten iko kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa sisi wa Upare, ni kama mji uliojengwa karibu na kilele cha Shengena, ambacho kina mita 2,462. Hewa ya mahali pa juu namna hiyo ni nyepesi, na mwili wa mtu aishiye huko hutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi ili kubeba oksijeni. Ndiyo maana wengine husema kwamba siri yote ya Iten ni mlima.

Lakini mlima ulikuwapo tangu zamani. Ni kweli Kenya ilikuwa na mabingwa kabla yake, kama Kipchoge Keino aliyeshinda mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968. Bali kwamba shule moja ya kijijini itoe bingwa baada ya bingwa, hilo halikuletwa na hewa. Lililetwa na mtu mzima aliyewakusanya vijana kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Sisi nasi tunayo milima. Toka Usangi na Ugweno hadi Vudee, Mbaga na Mamba, watoto wetu hupanda na kushuka kwenda shuleni. Na nchi yetu ilimzaa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Kipawa hatukukosa. Yafaa tujiulize ni nani anayebaki na watoto hao kengele ya mwisho ikishapigwa.

3. Mambo madogo kwanza

Bruda Colm hakuanza kwa kuwachosha vijana kwa mbio ndefu. Alisisitiza namna ya kukimbia: mabega yalegee, mikono iende sawa, hatua iwe nyepesi. Walifanya mazoezi kwa makundi, wakubwa na wadogo, na mdogo akajifunza kwa kumtazama mkubwa.

Katika hilo alifanana na mwalimu mwingine mashuhuri, John Wooden wa Marekani, ambaye kabla ya kwenda chuoni alifundisha Kiingereza katika shule za sekondari. Wooden alikuwa kocha wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha UCLA toka mwaka 1948 hadi 1975. Siku ya kwanza ya mazoezi aliwafundisha vijana wake kuvaa soksi na kufunga viatu, maana soksi yenye mikunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hachezi. Alikaa miaka 15 chuoni hapo bila kombe la taifa. Akalipata mwaka 1964, na hadi anastaafu alikuwa amelipata mara 10.

4. Uvumilivu kama wa ndiva

Wazee wetu walipochimba ndiva, walijua kwamba kijito chembamba hakiwezi kufika shamba la mbali. Maji yalikusanywa usiku kucha, asubuhi ndipo yakafunguliwa. Aliyefungua mapema aliharibu zamu yake na ya mwenzake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa David Rudisha, kijana wa Kimaasai. Baba yake, Daniel, alikuwa amepata medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti mwaka 1968. Kijana naye alikimbia mita 400, na Bruda Colm akamshauri ajaribu mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2008 aliumia, akaikosa Olimpiki. Mwaka 2009 huko Berlin alishindwa kufika fainali. Mwalimu na mwanafunzi hawakuachana. Mwaka 2010 alivunja rekodi ya dunia mara mbili, na tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiwa mbele toka mwanzo hadi mwisho. Siku hiyo hata aliyeshika nafasi ya nane alikimbia kwa muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Mwaka 2016 Rudisha akashinda tena huko Rio.

Kabla yake walikwisha pita wengine: Peter Rono, dhahabu ya mita 1,500 mwaka 1988, Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992, na Wilson Kipketer, ambaye rekodi yake ndiyo Rudisha aliyoivunja. Wasichana nao walikaribishwa katika kambi za Bruda, na Janeth Jepkosgei akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007.

5. Na wale wasioshinda?

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Kwa kila Rudisha mmoja walipita vijana wengi ambao hawakupata medali yo yote. Kama kazi ya mwalimu hupimwa kwa medali tu, basi hao walipoteza wakati wao, na njia ya mkato huonekana kuwa na faida. Twajua kwamba katika miaka ya karibuni wanariadha wengi wa Kenya wamefungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Hayo ni matunda ya kutaka mavuno bila kulima.

Lakini kijana aliyezoea kuamka mapema, kumngoja mwenzake aliye nyuma na kushindwa bila kukata tamaa, huyo ana mali ya kwenda nayo shambani, kazini na nyumbani kwake. Kwa ajili yake pia ilifaa mwalimu abaki uwanjani.

Hatuna budi basi kuanza na tulicho nacho. Mtu mzima mmoja katika kila mtaa, jioni moja kwa juma, iwe kwa mbio, kwaya, hesabu au useremala. Asingoje kuwa mtaalamu. Ila asianze kama hana nia ya kudumu, kwa maana mtoto aliyeachwa njiani mara mbili hamwamini wa tatu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni vipawa gani vya watoto tunavyoviona lakini hakuna anayevilea?

2. Ni jambo gani dogo, kama lile la soksi, ambalo twalidharau katika kuwafundisha vijana?

3. Someni pamoja 1 Wakorintho 9:24–27. Je, tunawasaidiaje vijana wetu waliokimbia vizuri wasipate tuzo?