Mzizi wa Hasira

Mkulima wa Mulungwishi afyekapo pori ajua jambo hili: mti uliokatwa juu ya ardhi haujafa. Mvua za kwanza zikinyesha, kisiki hutoa machipukizi. Ndivyo ilivyo hasira. Mtu akiambiwa, «Nyamaza!», hunyamaza, lakini mzizi wabaki moyoni, na kesho hasira yachipua tena, pengine juu ya mtu asiye na kosa.

MFANO. Mbuzi wa jirani aliingia katika shamba la mtu mmoja, akala mahindi. Hasara ilikuwa ndogo, lakini mwenye shamba alishika panga, akaapa kumkata jirani yake. Watu walimzuia. Wazee walimkemea, nao wakaamuru jirani alipe debe moja la mahindi. Debe lililetwa, hasira haikwisha.

Jioni katekista alimwendea. Hakumkaripia. Alishika kamba, akamsaidia kufunga ua uliobomoka, kisha wakaketi. Akamwuliza: «Baba, uchungu huu ulianza lini? Mbuzi peke yake hawezi kuuzaa.»

Mtu yule alinyamaza kitambo, ndipo akaeleza. Mwaka 1992 alikuwa mtoto wa miaka minane mjini Likasi. Mwaka ule maneno ya chuki ya wanasiasa yaliwasha moto, na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao baba na babu zao walikuja Katanga kwa kazi za migodi na reli, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala penye stesheni, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai, na wako waliofia njiani. Mama yake alikuwa mtu wa Kasai. Usiku mmoja alibisha kwa rafiki wa jamaa, mtoto mchanga mgongoni, mlango haukufunguliwa. Mtoto yule alifariki penye stesheni. Na mwenye mlango ndiye baba wa jirani huyu.

Katekista hakusema, «Sahau.» Alilia pamoja naye. Ndipo mwenye shamba alipotambua mwenyewe: wakati ule jirani huyu alikuwa angali akinyonya. Panga liliinuliwa juu ya mtu ambaye hakufunga mlango wowote. Siku ya pili alimwendea, akamsimulia habari ile. Jirani hakuwa ameisikia kamwe. Aliinama, akasema: «Pole, kaka.»

MAFUNDISHO. Ubaya uliotendwa ni ubaya, wala huruma haiuiti wema. Lakini huruma yafanya kazi ambayo makaripio hayawezi. Mtu akikaripiwa hujikinga, na jeraha lake hulificha hata machoni pake mwenyewe. Akihurumiwa haoni tena sababu ya kujikinga. Aweza kulitazama jeraha na kulitaja.

Mungu mwenyewe alitenda hivyo. Kabla Kaini hajamwua nduguye, Mungu alimwuliza sababu ya hasira yake. Kaini hakujibu, alikwenda shambani na Abeli. Yona naye alikasirika kwa kuwa Ninawi ilisamehewa, naye aliulizwa vilevile. Huyu alifunua moyo wake, hata maneno yake machungu, na Mungu akaendelea kusema naye kwa upole, akimfundisha kwa mmea uliokauka. Mwenye kufunua moyo afundishika; mwenye kuuficha yu katika hatari.

MAULIZO

1. Hasira ikizidi kosa, yaonyesha nini?
Yaonyesha kwamba mzizi wake u mahali pengine.

2. Mwenye huruma afanyeje mbele ya mtu mwenye hasira?
Azuie kwanza mkono usidhuru. Kisha akae naye, amwulize, asikilize pasipo haraka.

3. Je, huruma yaondoa haki?
Hapana. Debe la mahindi sherti lilipwe. Lakini haki yalipa shamba, huruma yaponya moyo.

KAZI YA JUMA. Kila mkatekumeni akumbuke hasira yake moja iliyozidi kosa, atafute ilianza lini, na jina la aliyeumizwa alitaje mbele ya Mungu.